Sanduku la Maswali: Nimeshindwa hadi mahakama ya juu, je, Geneva watanisikia?

Barua za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu aliyekosa haki katika mahakama za nchi yake, anaweza kuilalamikia serikali yake mbele ya kamati za Umoja wa Mataifa zilizoko Geneva au vyombo vya Afrika? Anaweza, lakini si kila nchi imekubali, na malalamiko mengi hukataliwa mlangoni, kabla hata ya kuulizwa kama mlalamikaji alionewa. Ndiyo maana majibu yetu yamekaa sana hapo mlangoni.

*Shikamooni. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walichukua nyumba na mashamba wakisema kwa mila yetu mjane harithi. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana nao, na Mahakama ya Wilaya pia. Nimesikia kuna wajane wa Tanzania waliopeleka malalamiko Geneva wakashinda. Nami naweza? – Mjane, Kahama*

Marahaba mama, na pole kwa msiba na kwa yaliyofuata.

Uliyosikia ni kweli. Wajane wawili, wanaojulikana kwa herufi E.S. na S.C. tu, walipeleka malalamiko yao katika Kamati ya Kuondoa Ubaguzi Dhidi ya Wanawake. Yalisajiliwa kwa namba 48/2013, na Machi 2015 Kamati ikaamua kwamba Tanzania ilikiuka haki zao kwa kuacha sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 ziendelee kumnyima mjane urithi. Mlango huo uko wazi kwa sababu mwaka 2006 Tanzania iliridhia Itifaki ya Hiari, yaani nyongeza, ya mkataba wa wanawake. Kuridhia mkataba peke yake hakutoshi. Itifaki, au kwa baadhi ya mikataba tamko maalumu, ndiyo inayompa mwananchi ruhusa ya kulalamika.

Lakini angalia walikofika wale wajane kabla ya kuandika Geneva. Walifungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo zinabagua, ila ikakataa kuzifuta. Walikata rufaa, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliiondoa rufaa yao kwa kasoro ya tarehe katika amri ya Mahakama Kuu, bila kugusa hoja yenyewe. Serikali iliiambia Kamati kwamba bado walikuwa na nafasi ya kurudi mahakamani. Kamati haikukubali, kwa kuwa baada ya miaka yote hiyo hapakuwa na dalili kwamba kurudi huko kungewapa nafuu yoyote.

Wewe umesimama Mahakama ya Wilaya, na ukiandika leo malalamiko yatarudi. Kamati zote hutaka kwanza umalize njia za ndani, yaani nchi ipewe nafasi ya kujirekebisha yenyewe. Kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, rufaa kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani unahitaji Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Kama siku 30 zimepita, omba kuongezewa muda sasa, na ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. Rufaa iliyokufa kwa kuchelewa huhesabiwa kuwa ni kosa la mlalamikaji, nayo serikali huitumia kufunga mlango wa Geneva.

Kuna kosa jingine ambalo halionekani mpaka limeshadhuru. Katika rufaa nyingi za mirathi wanawake hubishana kuhusu mali tu: nani alilima shamba, nani alijenga nyumba, mashahidi wa nani ni waongo. Neno la ubaguzi halisemwi popote. Baadaye mtu akiandika Geneva kwamba alibaguliwa kwa sababu ni mwanamke, serikali hujibu kwamba mahakama zake hazikuwahi kuulizwa swali hilo, na inakuwa na hoja. Si lazima utaje mkataba ukiwa mbele ya hakimu, ila lazima ulalamikie jambo lile lile. Andika katika sababu za rufaa kwamba umenyimwa kwa kuwa wewe ni mwanamke, na kwamba hilo linapingana na ibara ya 13 ya Katiba kuhusu usawa na ibara ya 24 kuhusu haki ya kumiliki mali. Mistari miwili tu, lakini ikikosekana leo haiwezi kuongezwa kesho.

Unaruhusiwa kuruka ngazi pale tu njia iliyobaki inachukua muda mrefu kupita kiasi au haielekei kuleta nafuu ya kweli. Hilo unalithibitisha wewe, kwa tarehe na karatasi. Kusema "niliona hawatanisaidia" hakukubaliki. Na kukosa fedha za wakili hakutoshi kama hukuonyesha kwamba uliomba msaada wa kisheria ukanyimwa.

La mwisho kwako: Geneva humshtaki shemeji. Analalamikiwa mwenye wajibu chini ya mkataba, yaani serikali, kwa sheria iliyoiacha iendelee au kwa mahakama zake zilizoshindwa kukulinda.

*Ndugu yangu alichukuliwa usiku na watu waliojitambulisha kuwa polisi, na kila kituo tunachoenda tunaambiwa hayuko. Tupeleke kesi kwa Kamati ya Haki za Binadamu? – Msomaji, Mombasa*

Hapana, na tunakuambia mapema ili msipoteze wiki. Kenya imo katika mikataba mikuu, ukiwemo wa haki za kiraia na kisiasa na ule unaopiga marufuku mateso, lakini haijakubali utaratibu wa malalamiko ya mtu binafsi chini ya kamati yoyote ya Umoja wa Mataifa. Barua yenu haitasajiliwa, hata kama kila neno ni kweli.

Kuna njia isiyohitaji kibali hicho: Kikundi Kazi cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia watu waliotoweshwa kwa nguvu. Familia, au shirika kwa ridhaa ya familia, huandika moja kwa moja. Kama haijapita miezi 3 tangu achukuliwe, suala huingia katika utaratibu wa dharura na serikali huulizwa haraka. Baada ya hapo bado hupokelewa, ila kwa utaratibu wa kawaida. Kinachotakiwa ni jina kamili, tarehe na mahali alipoonekana mara ya mwisho, ni nani wanaodhaniwa kumchukua na kwa nini mnadhani hivyo, na hatua mlizochukua. Nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ya kila kituo mlichoripoti ina thamani kubwa hapa. Kituo kikikataa kuandika OB, andikeni ninyi tarehe, saa na jina au nambari ya askari aliyewakatalia. Kikundi hicho hakitoi hukumu. Kazi yake ni kumtafuta mtu, na serikali inaendelea kuulizwa mpaka ijulikane yuko wapi au nini kilimpata.

Wakati huo huo wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kumleta ndugu yenu mbele ya jaji. Msisubiri jibu la nje kwanza. Njia hizi hazizuiani, na amri hiyo ndiyo itakuwa mwanzo wa faili lenu ikibidi baadaye kwenda Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia.

Banjul ndiko mlango mpana wa Mkenya. Kenya imefungwa na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na Tume hupokea malalamiko bila tamko lolote la ziada. Waendorois waliohamishwa kandokando ya Ziwa Bogoria walipeleka malalamiko yao huko mwaka 2003, na ushindi wao ukaidhinishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010. Waogiek wa Msitu wa Mau walianzia huko pia. Tume yenyewe ikalipeleka shauri lao Mahakama ya Afrika, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba haki zao zilikiukwa, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85.

Masharti ya Tume yako katika ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Mawili huwanasa wengi. Kwanza, malalamiko yasiwe na lugha ya matusi dhidi ya serikali. Hasira yenu ni halali kabisa, lakini neno kama "wauaji" lisilo na ushahidi humpa mpinzani sababu ya kuomba faili zima litupwe. Pili, yasitegemee habari za vyombo vya habari peke yake, kwa hiyo vipande vya magazeti viambatane na maelezo ya mashahidi yaliyotiwa saini. Kuhusu muda, mkataba unasema "muda unaofaa" tu baada ya njia za ndani kuisha. Katika shauri moja dhidi ya Zimbabwe, miezi 22 bila maelezo ya kutosha ilionekana ni mingi mno. Hesabuni miezi 6 na msijipe zaidi.

*Mahakama ya Afrika iko hapa hapa Arusha. Kwa nini naambiwa siwezi kufungua kesi? – Mkazi wa Arusha*

Kwa sababu Tanzania iliondoa tamko lake. Nchi ililitoa mwaka 2010 ikiruhusu watu binafsi na mashirika kwenda moja kwa moja, ikaarifu kuliondoa Novemba 2019, na mlango ukafungwa rasmi Novemba 2020. Mashauri yaliyofunguliwa kabla ya hapo yaliendelea. Mapya ya mtu binafsi dhidi ya Tanzania hayapokelewi, ingawa Tume ya Banjul bado iko wazi kwako.

Usiichanganye na Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko Arusha. Hiyo haidai umalize njia za ndani. Unalalamika kwamba kitendo cha serikali kimekiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao una misingi ya utawala wa sheria na haki za binadamu. Ubaya wake ni muda: miezi 2 tangu kitendo kutokea au tangu ulipokijua. Mahakama hiyo haiongezi hata siku moja. Watu humaliza rufaa za nyumbani kwanza kwa mazoea, wakifika Arusha miezi 2 imeshapita zamani.

*Je, majirani zetu wana milango gani? – Msomaji, Kigoma*

Kwa kifupi: Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinakubali malalamiko mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu. Burundi inakubali mbele ya Kamati Dhidi ya Utesaji tangu 2003, na Warundi wameshinda huko mara kadhaa. Rwanda imekubali kwa mikataba ya wanawake na ya watu wenye ulemavu. Itifaki ya watu wenye ulemavu imeridhiwa na Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Wanaotuuliza kuhusu kazi za ndani Oman wajue kwamba Oman haijafungua mlango wowote wa aina hii. Kabla ya kuandika chochote, angalia orodha ya uridhiaji katika tovuti ya Umoja wa Mataifa, mkataba kwa mkataba, pamoja na tarehe. Jambo lililotokea na kumalizika kabla ya tarehe hiyo halipokelewi, isipokuwa madhara yake yenyewe ni ukiukaji unaoendelea.

*Sisi ni kikundi cha wasaidizi wa kisheria. Tuna mteja mwenye ualbino aliyeshambuliwa, na kesi ya jinai imekwama. Malalamiko yanaandikwaje, na je, jina lake litajulikana? – Tabora*

Someni kwanza shauri la X dhidi ya Tanzania, namba 22/2014, lililoamuliwa na Kamati ya Haki za Watu Wenye Ulemavu Agosti 2017, kisha Y na Z yaliyofuata. Serikali ilisema mlalamikaji angeweza kufungua kesi yake mwenyewe. Kamati ikakataa: katika uhalifu mzito namna hii, kupeleleza na kushtaki ni kazi ya dola, wala haiwezi kubebeshwa mtu aliyekatwa mkono. Hoja hiyo itawafaa, mradi mwonyeshe kwa karatasi mlivyofuatilia: barua kwa polisi, barua kwa waendesha mashtaka, na majibu yao. Barua isiyojibiwa nayo ni ushahidi mkiwa na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Wamefuatilia kwa simu na kwa miguu miaka mitatu, wamechoka kwelikweli, lakini hawana karatasi hata moja.

Fomu iko katika tovuti ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, Geneva, na hailipiwi. Itawauliza mlalamikaji ni nani na mnalalamikia nchi gani chini ya mkataba upi. Itataka matukio kwa mpangilio wa tarehe, hatua zilizochukuliwa nchini, na kama jambo hilo limepelekwa chombo kingine cha kimataifa. Mwishoni mtaeleza vifungu vilivyokiukwa na nafuu mnayoomba. Kiswahili hakipokelewi, kwa hiyo andikeni Kiingereza au Kifaransa. Hukumu na maelezo ya mashahidi yaliyo kwa Kiswahili yaambatane na tafsiri kamili au muhtasari. Msizidi kurasa 50 bila viambatisho. Zikivuka 20, wekeni muhtasari usiozidi kurasa 5 mwanzoni. Tumeni nakala tu, hati halisi zibaki kwenu, kwa kuwa hazitarudishwa.

Sehemu ya matukio ndiyo iandikwe kwa uangalifu kuliko zote. Aya moja, tukio moja, tarehe moja, namba ya kiambatisho mwisho wa sentensi. Kisha kwa kila kifungu elezeni kitendo gani cha serikali, au uzembe upi, ulikivunja. Kuorodhesha vifungu 15 bila kuunganisha hata kimoja na tukio ni njia ya haraka ya kuambiwa kwamba malalamiko hayana msingi wa kutosha. Vinne vilivyothibitishwa vinatosha kabisa. Na msiiombe Kamati ipime upya ushahidi kama mahakama ya rufaa. Haifanyi hivyo, isipokuwa uamuzi wa nyumbani ulikuwa wa kionevu ulio wazi au ulinyima haki kabisa.

Mkiandika kwa niaba yake, ambatisheni hati ya idhini yenye sahihi yake. Bila hati hiyo mtaulizwa kwa nini hakuweza kuitoa, na miezi itapita. Kuhusu jina: malalamiko yasiyo na jina hayapokelewi, na serikali lazima ijue ni nani ili iweze kujibu. Lakini mnaweza kuomba jina lisichapishwe, ndipo anapoitwa X. Mweleze mteja tofauti hiyo kabla hajasaini, kwa lugha anayoielewa vizuri, maana kwake tofauti hiyo inahusu usalama wa maisha. Kama hatari ni ya sasa, ombeni hatua za muda za ulinzi katika barua ile ile, tena ukurasa wa kwanza. Na vitisho vikija baada ya kulalamika, viripotiwe Kamati mara moja, maana kulipiza kisasi dhidi ya mlalamikaji ni ukiukaji mwingine.

Baada ya kusajiliwa, serikali hupewa kwa kawaida miezi 6 kujibu, kisha ninyi hutoa maoni yenu juu ya majibu hayo. Kila kitu ni kwa maandishi, hakuna kusafiri wala kusimama kizimbani. Shauri la X lilichukua takriban miaka 3, la Z miaka 5. Mjulisheni Kamati anwani ikibadilika. Faili linaweza kufungwa kwa sababu tu mlalamikaji hapatikani.

*Nimenyimwa hifadhi hapa Uswisi na tarehe ya kurudishwa Kongo imepangwa. Niliteswa kabla ya kuondoka. Kuna la kufanya? – Msomaji, Uswisi*

Lipo, ndugu, na muda ndio kila kitu. Uswisi haikubali malalamiko mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu, lakini inayakubali mbele ya Kamati Dhidi ya Utesaji, na ibara ya 3 ya mkataba huo inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo kuna sababu nzito za kuamini atateswa. Kamati inaweza kuiomba Uswisi isikusafirishe wakati inachunguza. Ombi hilo liwe na uamuzi wa mwisho wa hifadhi na wa mahakama, tarehe ya safari, na ripoti ya daktari inayoeleza makovu na jinsi yanavyolingana na mateso unayoyasimulia. Likifika jioni ya kuamkia safari, huenda asiwepo wa kulisoma.

Hatari unayoieleza lazima iwe yako binafsi. Kueleza kwamba mashariki ya Kongo kuna vita hakutoshi. Eleza kwa nini wewe unatafutwa, na nani, na kama bado anakutafuta. Pale masimulizi yako ya kwanza kwa maofisa yanapotofautiana na ya sasa, toa maelezo mwenyewe kabla hujaulizwa. Watu walioteswa mara nyingi hawasemi yote siku ya kwanza, na Kamati inalijua hilo, ila inahitaji kulisikia kutoka kwako. Chagua pia chombo kimoja. Shauri likishachunguzwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, Kamati hii hailipokei tena.

*Tukishinda, nani anatulipa? – Msomaji, Mwanza*

Serikali yenu, na Kamati haina dalali wa mahakama wa kuilazimisha. Inachotoa kinaitwa Maoni. Nchi iliyoridhia ina wajibu wa kuyatekeleza kwa nia njema, na hutakiwa kueleza ndani ya miezi 6 imefanya nini. Nyinyi hupewa majibu hayo mseme kama ni ya kweli. Katika shauri la X Kamati ilitaka fidia, ilitaka wahalifu watafutwe na kushtakiwa, na ilitaka sheria itamke wazi kwamba kutumia viungo vya binadamu kwa uchawi ni jinai.

Kwa hiyo nafuu mnayoomba katika fomu iandikwe kwa namna inayoweza kudaiwa. "Tunaomba haki itendeke" haina mahali pa kuishika. Andikeni kiasi cha fidia na hesabu yake, hospitali na matibabu yanayohitajika, kifungu cha sheria kinachotakiwa kubadilishwa. Maoni yakitoka, yatafsirini kwa Kiswahili na kuyapeleka kwa barua yenye muhuri kwa Mwanasheria Mkuu, Wizara ya Katiba na Sheria na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na miezi 6 ikiisha andikieni Kamati hata kama jibu la serikali ni kimya.